Milioni moja na laki mbili ya kuanzia maisha: nichongeshe Keko, ninunue dukani au nichukue used?

Mpambanaji K
Wakuu, habari za jioni. Nahamia nyumba mpya mwisho wa mwezi na sina kitu zaidi ya begi la nguo na jiko la gesi la plate mbili. Nimetenga 1,200,000 ya fanicha. Nahitaji kitanda, godoro, sofa, kabati la nguo, na ikibaki hela, friji. Naona njia tatu: kuchongesha kwa mafundi wa Keko hapa Dar, kununua vya dukani hivi vya MDF (mbao za kiwandani) vinavyong'aa, au kuchukua used kwa watu wanaohama. Nimezunguka mpaka kichwa kinauma, kila ninayemuuliza anasifia chake. Kipi kinalipa?

Mama Tunu
Hongera mdogo wangu. Ila hapo hujatuambia kitu. Umepanga au umejenga? Vyumba vingapi? Uko peke yako au na mwenzio? Chini au ghorofani? Mtu wa chumba kimoja hashauriwi sawa na mwenye nyumba nzima.

Ngosha wa Buza
Mama Tunu kamaliza. Niongeze: unahamia wapi? Kama ni Chanika au Kibaha, nauli ya kirikuu (kigari cha mizigo) kutoka Keko nayo ni bajeti. Hapo bado hujalipa watu wa kubeba.

Fundi Mninga
Mimi ni seremala, kwa hiyo nitavutia kwangu na sijifichi. Chongesha. Kitanda cha mninga ukikitunza anakilalia mjukuu. Lakini usidanganywe na rangi. Mninga ni ule moyo wa mti, wenye rangi ya kahawia inayoelekea wekundu. Ile sehemu nyeupe ya pembeni wadudu wanaitafuna bila huruma, na kuna watu wanaipaka rangi ifanane na moyo, kisha wanapiga vanishi juu. Ukifika kwa fundi, inama uangalie chini ya kitanda na upande wa ndani wa mbavu, mahali ambapo vanishi haikupita. Hapo mbao haisemi uongo.

Pili, uliza matendegu yamechomekwa ulimi au yamepigwa misumari tu. Cha misumari kitaanza kulia kabla hujamaliza mkataba wa nyumba. Tatu, mbao mbichi. Ukiona fundi anatoa mbao kwenye gari asubuhi na anakuahidi kitanda kesho kutwa, ondoka. Itakauka ikiwa chumbani kwako, ipinde na ipasuke.

Mninga ukikushinda bei, mkongo ni mbao ya heshima. Paini iwe ya chaga tu, tena iliyowekwa dawa.

Dogo Janja wa Mikocheni
Fundi, nakuheshimu, ila kwa milioni na laki mbili kitanda cha mninga na sofa za kuchonga havikai pamoja. Mkuu chukua used. Watu wanahama Masaki na Oysterbay kila mwezi, mikataba yao ya kazi imeisha, wanataka nyumba iwe tupu kabla ya ndege. Sofa yangu ya mbao ngumu nimeipata kwa bei ambayo dukani ningepewa stuli mbili. Ingia magrupu ya WhatsApp ya wanaohama, kaa na hela mkononi, na uwe tayari kwenda siku hiyohiyo.

Binti Tanga
Kuhusu sofa za used, naomba niandike kwa kirefu kwa sababu yamenikuta na sitaki yamkute mwingine.

Tulinunua seti kwa familia iliyokuwa inahama. Watu wastaarabu, nyumba inanukia udi, sofa zimefuliwa vitambaa. Mume wangu alizikalia, akazitikisa, hazilii. Tukapakia. Baada ya muda mtoto akaanza kuamka na vipele vimepangana mstari mmoja mkononi na shingoni. Tukasema mbu, tukabadilisha chandarua. Vikazidi. Tukasema joto, tukanunua poda. Dada wa kazi ndiye aliyetufumbua macho, alikuwa analala sebuleni na akasema usiku kuna vitu vinamtembelea.

Usiku tukazima taa, tukasubiri, kisha tukapindua sofa na tochi. Chini ya sofa pana kile kitambaa cheusi kinachofunika springi. Mume wangu akakichana kwa kisu. Ndani kwenye kona za mbao kulikuwa na madoadoa meusi kama mtu amekung'uta wino wa kalamu, vimayai vyeupe vimegandishwa kwenye mipasuko, na kunguni wenyewe, wakubwa kwa wadogo. Nilitoka nje nikakaa barazani mpaka kukakucha.

Dawa ilipulizwa, tukahama nyumba kwa muda, tukarudi, wakaibuka tena, kwa sababu mayai hayafi kirahisi. Ikapulizwa mara nyingine. Nguo zote zilichemshwa. Mapazia yalichemshwa. Godoro letu, ambalo tulinunua jipya, nalo lilikuwa limeshaingiwa mishononi. Mpangaji wa chumba cha pili akaanza kulalamika, mwenye nyumba akatuita kikao. Sofa tulizichoma moto, hatukuthubutu kuzigawa. Ukijumlisha dawa, godoro na usumbufu, tungeweza kuchongesha seti mpya. Na wale waliotuuzia, simu haikupokelewa tena.

Dogo Janja wa Mikocheni
Pole sana dada. Ila kunguni hawapandi used peke yake. Wanapanda mabasi ya mikoani, mabegi ya wanafunzi wa bweni, gesti. Mtu anaweza kununua sofa mpya na akawaleta kwenye begi.

Binti Tanga
Ni kweli, lakini begi nalichemsha. Sofa utaichemshaje?

Mswahili wa Mvita
Salaam kutoka Mombasa. Dada hapo juu amesema kweli. Na msidhani sofa ikiwekwa stoo muda mrefu basi wamekufa njaa. Kunguni hukaa miezi bila damu na bado yu hai. Kitu cha mbao tupu au chuma ukikipata used chukua, maana ukikiosha na kukiweka juani waona kila tundu. Chochote chenye sponji na kitambaa, mimi sinunui.

Na hivyo vya MDF, ndugu yangu, kwa sisi wa pwani havifai. Ule ni unga wa mbao uliogandishwa kwa gundi. Ukipiga deki maji yakaingia kwenye miguu ya kabati, lavimba, na likivimba halirudi. Skrubu ikitoka mara moja, tundu lile halishiki tena.

Kwani sofa ni lazima? Kwetu sebule nyingi ni zulia na matakia yaliyozungushwa ukutani. Wageni wanakaa chini, wanakula chini, na hakuna anayeona umepungukiwa.

Mama Tunu
Hilo nalipigia mstari. Anza na godoro, tena zuri, maana mgongo hauna spea. Kitanda kinafuata. Sebuleni tandika mkeka na mito, sofa zije na mchezo (upatu) wa mwakani. Nimeona vijana wana sofa za L na TV ya ukutani huku wanalala kwenye godoro limebonyea katikati.

Godoro likague kabla hujalilipia. Fungua zipu ya kava uone sponji yenyewe. Kuna yanayouzwa kwa kava la jina linalojulikana, ndani ni vipande vimeungwaungwa. Na pima godoro kabla fundi hajakata mbao za kitanda. Futi 5 kwa 6 za fundi na za kiwandani wakati mwingine hazisalimiani.

Ngosha wa Buza
Kuhusu mafundi, mbona hamsemi suala la advansi? Unampa nusu, anamalizia kitanda cha mteja aliyekutangulia, wewe unaambiwa "njoo Jumamosi". Ijumaa inafika simu haipatikani.

Fundi Mninga
Wapo, na wanatuharibia jina. Dawa yake: nenda na fundi dukani, lipia mbao mwenyewe, ziandikwe risiti kwa jina lako. Hela ya ufundi mpe kitanda kikisimama. Fundi mwenye kazi zake hatakataa utaratibu huo.

Ngosha wa Buza
Wengi watakataa, Fundi. Watakwambia humwamini, ukatafute mwingine.

Fundi Mninga
Basi katafute mwingine. Keko nzima ina mafundi.

Uniti 75
Mimi naongelea friji, hamjaigusa kabisa. Kama mita yenu ipo D1 (kundi la TANESCO la watumiaji wadogo), uniti 75 za kwanza kwa mwezi unanunua kwa shilingi 100 kabla ya kodi na makato. Ukivuka, bei inaruka zaidi ya mara tatu. Sasa friji kuukuu ya milango miwili yenye mpira wa mlango uliolegea inaweza kula uniti mbili au zaidi kwa siku. Zidisha kwa 30. Hujawasha taa, hujapiga pasi. Friji ya used ni rahisi siku ya kuinunua tu. Ukiichukua, weka noti kwenye mlango uufunge: ikichomoka bila kung'ang'ania, mpira umekwisha.

Dogo Janja wa Mikocheni
Wapangaji wengi mita ni moja nyumba nzima mkuu. Hiyo D1 mlishaivuka kabla friji haijaingia.

Uniti 75
Ndiyo maana nasema aulize kabla ya kununua. Na aulize nani analipa kodi ya jengo, ile inayokatwa kwenye Luku, 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida.

Ngosha wa Buza
Kodi ya jengo ni ya mwenye nyumba. Mpangaji anaponunua umeme ndiye anayekatwa, kwa hiyo mnatakiwa mkatane kwenye kodi ya pango.

Mama Tunu
Kwenye karatasi. Nenda kamwambie mwenye nyumba wa uswahilini akupunguzie 18,000 kwa mwaka uone atakavyokuangalia.

Ngosha wa Buza
Mimi wangu alikubali. Nilimwandikia kwenye mkataba kabla sijasaini. Watu hawaombi, ndiyo maana hawapewi.

Mpambanaji K
Wakuu samahanini, nilikuwa zamu. Nawashukuru wote, nimesoma kila neno. Majibu: nimepanga Kimara, chumba kimoja na sebule, ghorofa ya pili. Ngazi ni za zege, nyembamba, zina kona. Mke anakuja kutoka Singida na mtoto wa miaka miwili. Mita tunatumia wapangaji watatu. Binti Tanga, pole sana, habari yako nimemsomea mke kwenye simu na amesema sofa za used asizione. Yeye anataka kabati la nguo kwanza kuliko kitanda, mimi nataka kitanda.

Fundi Mninga
Ghorofa ya pili yenye kona ulitakiwa useme mwanzo! Kitanda kifungwe kwa bolti, kipandishwe ngazi vipande vipande. Kabati la mbao la milango mitatu halipiti hapo likiwa zima, lazima liungwe hukohuko juu. Pima upana wa ngazi kwenye kona, usipime pale chini.

Mama Tunu
Mke yuko sahihi, mwenye mtoto nguo zinajaa. Lakini mtoto wa miaka miwili na kabati jepesi, lisipofungwa ukutani atalivuta limwangukie. Hilo mlijadili kabla ya rangi na kioo.

Dogo Janja wa Mikocheni
Mkuu, kabati la chuma used la ofisini umefikiria? Kunguni hamna, maji hayalivimbishi.

Binti Tanga
Kabati la chuma chumbani kwa maharusi?

Mswahili wa Mvita
Lipakwe rangi, dada. Nimeona mtu Likoni kalipaka buluu ya bahari, lapendeza.

Mkwawa Jr
Fundi Mninga, samahani natoka nje ya mada. Nina mbao za mkaratusi nimepasua mwenyewe Mafinga, zimekaa kivulini tangu masika. Zinafaa milango ya ndani, au nitapinda nazo?

Fundi Mninga
Umezipanga na vijiti katikati hewa ipite, au umezilundika? Tuma picha.