Kompaundi ya udongo mwekundu, nimwage kokoto gani?

mpangaji_mstaafu: Wandugu habari zenu, naomba ushauri. Nimehamia kwangu huku Seeta, nje kidogo ya Kampala, nyumba imeisha ila nje ni udongo mwekundu mtupu na hizi mvua za Septemba mpaka Novemba ndo hizo zinakuja. Ikipiga kidogo tu tope linaruka ukutani, nyumba nyeupe inaonekana imevaa soksi za kahawia. Kiwanja kina mteremko kidogo kwenda getini. Nataka mawe sehemu tatu, pale gari linapopita na kulala, kanjia ka kwenda jikoni kwa nyuma, na kuzunguka ukuta. Mama watoto ameona kwenye simu yale mawe meupe ya mviringo anayataka kila mahali, na muuzaji wa hapa barabarani ananiambia kokoto ni kokoto tu. Ni kweli? Hela ni ya kuungaunga, sitaki kufanya kazi mara mbili.

fundi_wa_mwinuko: Ssebo (bwana), muuzaji huyo anataka kumaliza lori lake tu. Pa gari weka kokoto za kuvunjwa zenye kona kali, robo tatu inchi hivi. Zile kona zinashikana, gari likikanyaga zinazidi kubanana. Ya mviringo hayana pa kushikia, tairi likizunguka yanakimbia, na kwa mteremko wako utakuwa unayaokota barabarani kila wiki. Lakini kabla hujafika huko kwenye kokoto, toa ule udongo laini wa juu, weka hadikoo (mawe makubwa ya msingi) au maramu nzuri (udongo wa changarawe), shindilia kwa mashine sio kwa miguu ya vijana, alafu ndo kokoto sentimita 5 juu yake. Ukimwaga moja kwa moja kwenye udongo huu wetu, mvua zikiisha zimezama zote, unaanza kumshuku jirani kwamba kaiba.

nyabo_wa_maua: Mweleze mama watoto kwamba hayo meupe sio mabaya, ila yana mahali pake. Vumbi letu hili jekundu yanalishika haraka, na kama kuna mwembe au mparachichi karibu jiandae kuokota majani kila asubuhi maana reki inabeba na mawe. Tena meupe mengi ni mawe ya chokaa, ukiyazungushia maua yanayopenda udongo mchachu majani yanageuka njano. Pa kuyaweka ni chini ya paa, pale maji yanapodondokea. Hapo mviringo ndo safi kabisa, tone linatua kwenye jiwe halirushi tope, na hakuna gari la kuyasukuma. Hakikisha tu upana unapita pale maji yanapoangukia, watu wengi wanaweka kautepe kembamba ukutani alafu maji yanaangukia nje yake, kazi bure. Na usirundike mpaka juu ya ile nailoni ya kuzuia unyevu iliyo ukutani.

mpangaji_mstaafu: Asante sana nyabo (mama), hiyo ya paa sikuifikiria. Kuna mtu kaniambia nitandike nailoni nyeusi chini majani yasiote?

kokoto_na_jasho: Nailoni hapana! Maji yanakosa pa kupenya, yanateleza juu yake, mvua moja kubwa kokoto zote ziko getini. Tafuta jiotekstaili, kile kitambaa kinachopitisha maji, na kinazuia kokoto kuchanganyika na udongo, hiyo ndo faida yake kubwa kwa maoni yangu, maana majani yataota tu juu vumbi likijaa. Pembeni jenga ukingo wa matofali, na karibu na geti chimba mtaro wa kukata maji kabla hayajapata mbio.
Kununua: pima urefu mara upana mara kimo. Kama pa gari ni mita 10 kwa 4, kimo sentimita 5, hizo ni kyubiki (mita za ujazo) 2, karibu tani 3, kwa sababu kyubiki moja ya kokoto ni kama tani moja na nusu. Muuzaji akikwambia tripu ya lori la Fuso muulize tani ngapi, tripu sio kipimo. Kanjia ka jikoni kokoto za nusu inchi zinatosha, chini yake vumbi la kwari (unga wa mawe wa machimboni), limwagie maji ushindilie linaganda vizuri. Ile ya kugongwa kwa nyundo na akina mama kule Kireka inafaa hapo, saizi hazilingani sana lakini kwa miguu sio shida.

paspalamu_milele: Nyinyi mawe mawe tu, jua la Februari likiwaka watoto watachezea wapi? Panda nyasi.

fundi_wa_mwinuko: Mzee kwa watoto sawa kabisa, nyasi apande ule upande mwingine. Chini ya tairi nyasi zinakufa unabaki na mistari miwili ya matope iliyonyooka.
Na wewe mwenye uzi, mawe ya mviringo usiletewe na kijana aliyeyazoa ufukweni, kanuni za mwaka 2000 zinalinda mita 200 kutoka Ziwa Victoria na NEMA (mamlaka ya mazingira) hawacheki.

mpangaji_mstaafu: Nimemsomea mama watoto yote haya, kakubali meupe yakae chini ya paa tu. Mtaro naanza Jumamosi. Sasa anauliza kama ya mviringo meusi yanapatikana, yale ya kung'aa.

nyabo_wa_maua: Yapo, ila mwambie ayaangalie yakiwa makavu. Wauzaji wanayamwagia maji asubuhi ndo maana yanang'aa, yakikauka mengi ni kijivu tu.