Nitajuaje sabufa yangu inashuka kweli hadi wapi?

MsikivuWaBesi (muulizaji)

Habari zenu, ndugu zangu. Nina sabufa, yaani kifaa cha kutoa sauti za besi, yenye spika moja ya inchi 10 na tundu la hewa kwa mbele, na kijitabu chake kinasema inacheza kuanzia 25 Hz (mitetemo 25 kwa sekunde) bila maelezo mengine. Jana nilipiga milio ya masafa mojamoja, nikianzia 80 Hz na kushuka taratibu, huku nimekaa kwenye kochi lililo katikati ya chumba chenye urefu wa mita 5. Kufika 35 Hz sauti ikapotea karibu kabisa, nikadhani mwisho wake ni hapo, lakini nilipoinuka na kuegemea ukuta wa nyuma niliukuta mlio uleule ukiunguruma hadi mlango wa kabati ukatetemeka. Kilichonichanganya zaidi ni kwamba hata 20 Hz niliisikia waziwazi. Je, kipimo cha kweli nikichukulie wapi?

FundiKasha

Ndugu, kilichopoteza mlio wa 35 Hz ni chumba, si sabufa. Sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo wimbi la 35 Hz lina urefu wa karibu mita 10, na nusu yake inaenea barabara kati ya kuta zako mbili. Shinikizo la hewa linakuwa kubwa kwenye kuta na kufifia katikati, palepale ulipoweka kochi. Hata ungeleta sabufa kubwa maradufu, shimo hilo, yaani mahali sauti inapofifia, lingebaki.

Ukitaka kuipima sabufa yenyewe, kiondoe chumba kwenye hesabu. Njia aliyoieleza mhandisi wa spika D. B. Keele mwaka 1974 ingali inafaa sana nyumbani: sogeza maikrofoni karibu kabisa na kitovu cha koni (ile sehemu ya spika inayotetemeka), nusu sentimita hivi bila kugusa, ili sauti inayotoka kwenye koni iizidi kwa mbali ile inayorudi kutoka ukutani. Pima pia mdomoni mwa tundu la hewa, kwa kuwa sehemu kubwa ya besi ya chini kabisa hutokea huko. Lakini usijumlishe vipimo hivyo viwili kama vilivyo, maana tundu lina kipenyo kidogo kuliko koni na kipimo chake lazima kipunguzwe kwa uwiano wa vipenyo hivyo. Programu ya kompyuta ya kupima sauti iitwayo REW hutolewa bure na inaifanya kazi hii vizuri. Maikrofoni ya simu siishauri, kwa sababu nyingi hupunguza masafa ya chini.

SikioTulivu

Naongezea kuhusu ile 20 Hz. Sikio la binadamu ni zito mno huko chini: mlio wa 20 Hz unahitaji karibu desibeli 78 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) ndipo uanze kusikika, ilhali wa 1000 Hz husikika ukiwa na desibeli chache tu. Koni ikilemewa huzalisha masafa ya ziada, yaani 40 Hz, 60 Hz na kuendelea, na hayo ndiyo sikio linayoyadaka kwa urahisi. Ikiwa mlio wako wa 20 Hz ulikuwa na "noti" unayoweza kuiimba, haukuwa 20 Hz. Mlio halisi wa masafa hayo, ukiwa safi, huhisiwa kifuani na kwenye sakafu zaidi ya kusikika.

Kipo kipimo kisichohitaji kifaa chochote. Punguza sauti, washa tochi, uitazame koni huku ukishusha masafa hatua kwa hatua. Itafika mahali koni inakaribia kutulia, na kipande cha karatasi ukikishika mbele ya tundu kitapepea kwa nguvu kuliko popote. Hayo ndiyo masafa ambayo kasha limetengenezewa. Chini ya hapo koni huanza kuyumba bila kuzuiwa na hewa ya ndani, na sauti huanguka kwa desibeli 24 hivi kwa kila oktava, yaani kila masafa yanapopungua nusu, wakati kwenye kasha lililozibwa, lisilo na tundu, huanguka kwa 12. Tafadhali usiongeze sauti ukiwa huko chini, kwani koni inaweza kugonga mwisho wake na kuharibika.

MsikivuWaBesi

Nawashukuru sana. Koni ilitulia kwenye 32 Hz, na karatasi ikathibitisha. Kwa maikrofoni ya kuazima nimepata kwamba sauti imeshuka desibeli 3 kwenye 33 Hz, desibeli 10 kwenye 27 Hz, na kwenye 25 Hz imeshuka karibu desibeli 13. Nimesikitika kidogo, kwa kuwa ni hiyo 25 Hz iliyonifanya niinunue.

FundiKasha

Namba ya masafa isiyotaja desibeli haimfai mnunuzi, na watengenezaji wangepaswa kuiandika kikamilifu. Hata hivyo usiihukumu sabufa bado. Chini ya 34 Hz chumba chako hakina tena mashimo ya aina ile kwa urefu wake, na kikiwa kimefungwa vizuri chaweza kuinua masafa hayo. Sogeza kochi nyuma mita moja, weka maikrofoni penye kichwa chako, kisha upime upya.

MsikivuWaBesi

Nimefanya hivyo jioni hii. Mlio wa 35 Hz umerudi, na pale ninapokaa 27 Hz imepungua desibeli 5 tu badala ya 10. Kochi litabaki huko.