Jaji kupigiwa kura ya Ndiyo au Hapana: atahukumu bila woga?

Mkazi wa Kirumba:
Habari zenu wadau. Mwanangu anayesoma Missouri, Marekani, amenitumia picha ya mfano wa karatasi ya kura. Chini ya wagombea wa vyama kuna jina la jaji wa jimbo, lisilo na mpinzani wala chama, na mpiga kura anaulizwa tu kama abaki kazini. Hapa Mwanza jaji wa Mahakama Kuu huteuliwa na Rais baada ya kushauriana na Tume ya Utumishi wa Mahakama, na Ibara ya 110 ya Katiba humtaka astaafu akitimiza miaka 60, labda aongezewe muda. Je, jaji anayesubiri kura anaweza kuhukumu bila woga?

Wakili wa Nyamagana:
Mkuu, Missouri ilianza utaratibu huo mwaka 1940 ili kuwatoa majaji mikononi mwa wakubwa wa vyama. Tume huchuja waombaji na kumpelekea gavana majina matatu. Anayeteuliwa hukaa angalau mwaka mmoja kabla ya kupigiwa kura, na akipita, jaji wa mahakama inayosikiliza mashahidi hupata miaka 6. Illinois jaji wa ngazi hiyo huhitaji asilimia 60 ya kura za Ndiyo. Kuanguka ni nadra: Cook County, iliko Chicago, aliyeanguka mwaka 2018 alikuwa wa kwanza tangu 1990.

Mzee wa Igoma:
Sisi tuliopiga kura za urais kabla ya 1995 tunaijua karatasi ya Ndiyo na Hapana, na matokeo yake tunayajua. Tena hao wachache huweza kuanguka kwa hukumu moja tu: Iowa, mwaka 2010, majaji 3 wa mahakama ya juu waliondolewa kwa sababu ya uamuzi wa 2009 kuhusu ndoa za jinsia moja, si kwa rushwa wala uzembe. Afadhali kwetu, ambako Rais huunda tume yenye majaji ndani yake, imchunguze jaji kwanza kabla hajaondolewa.

Wakili wa Nyamagana:
Shikamoo mzee. Kura yao siitaki, lakini tathmini inayoitangulia naitamani. Missouri mawakili na wajumbe wa juri, yaani raia wa kawaida wanaoitwa mahakamani kuamua kesi, huulizwa kama jaji alisikiliza pande zote na kama alikuwa na heshima, kisha majibu hutangazwa. Mteja wangu wa Ukerewe hupanda kivuko, hulala mjini, asubuhi huambiwa shauri limeahirishwa, na hakuna anayemuuliza lolote.