Canter ya viazi kushuka Isyonje: pedeli ya breki kuzama, na bima ndogo inalipa nini?

Mwana_Uporoto
Wakuu, naombeni ushauri. Canter ya mzee, lori dogo la tani tatu na nusu, inaanza kupeleka viazi kutoka Isyonje, Mbeya, hadi Makambako. Kwenye majaribio, ikishuka kuelekea Igawilo, pedeli ya breki ilizama hadi chini. Gari lilipopumzika nusu saa, breki zikarudi kama kawaida. Lainingi za breki (zile bitana zinazosugua ngoma) ni mpya. Dereva ana leseni daraja D na bima ni ndogo. Tatizo ni nini, na ajali ikitokea bima inalipa nini?

Fundi_Uyole
Mkuu, usilipakie kabla hujabadilisha oili ya breki. Pedeli ikiwa ngumu lakini gari halishiki, lainingi ndizo zimeungua. Ikizama kisha ikarudi gari likipoa, oili imechemka ndani ya mabomba. Oili ya breki hunyonya unyevu wa hewa, na kadiri inavyonyonya ndivyo inavyochemka mapema. DOT 3 ikiwa mpya huvumilia nyuzi 205 hivi, ila ikishanyonya maji hushuka hadi karibu 140. Ikichemka inatoa mvuke, na mvuke unabonyea, kwa hiyo mguu wako unaubana mvuke tu.

Mwaga yote, weka DOT 4 kutoka chupa ambayo haijafunguliwa, toa hewa ukianzia gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda (pampu kuu ya breki). Oili inayotoka ikiwa nyeusi kama chai ya rangi, ilishachoka siku nyingi. Rudia kila baada ya miaka miwili.

Halafu tuzungumze mzigo. Gunia 35 za kilo 100 ni tani tatu na nusu kamili. Zikifungwa lumbesa, kila moja ikaongezeka kilo 30, umezidisha zaidi ya tani moja, na joto lake lote linaishia kwenye ngoma za breki.

Dereva aingize gia ya pili kabla mteremko haujaanza na awashe breki ya ekzosi, ile inayobana moshi ili injini ipunguze mwendo. Akanyage breki kwa nguvu kutoka kilomita 40 kwa saa hadi 30, aachie zipoe, arudie. Kuburuza mguu juu ya pedeli mlima mzima ndiko kunakochemsha. Kuweka free (gia huru) ili kuokoa dizeli ni marufuku kabisa.

Wakala_Soweto
Nami niseme la bima. Bima ndogo ni ya mtu wa tatu: inamfidia uliyemgonga au uliyemharibia mali. Canter yenyewe haimo, viazi havimo.

Shida kubwa ni leseni. Daraja D haliruhusu gari la biashara, tafuteni mwenye E. Na bima iwe imekatwa kwa matumizi ya biashara. Gari la mizigo lililokatiwa bima ya binafsi, madai yake huanza kwa mvutano, na kampuni inaweza kugeuka kumdai mzee ilichomlipa mwathirika. Ingizeni namba ya gari kwenye TIRA-MIS, mfumo wa mamlaka ya bima, mtandaoni muone kama bima ipo hai na imeandikwaje. Msiamini karatasi pekee.

Ajali ikitokea: majeruhi kwanza, na PF3 (fomu ya polisi) kwa matibabu. Magari yasiondolewe kabla polisi hawajapima, ila kama ni kumwokoa mtu. Pigeni picha za namba, za alama za matairi barabarani na za pande zote. Toeni taarifa kwa kampuni mapema, na msisaini makubaliano ya kukiri kosa pale barabarani.

Njia_ya_Igawa
Nyongeza fupi. Gari lenye uzito wa jumla wa kuanzia tani 3.5 linaingia mizani, usiipite. Mwendo wake ni kilomita 80 kwa saa nje ya makazi, 50 ndani. Bebeni pembetatu mbili, maana matawi ya miti hayaonekani kwenye ukungu wa asubuhi.

Mwana_Uporoto
Asanteni sana. Na pedeli ikizama katikati ya mlima?

Fundi_Uyole
Asizime injini, atapoteza buusta (kinachoongeza nguvu ya breki) na usukani utakuwa mzito. Apampu pedeli haraka haraka, ashushe gia moja moja, avute handibreki kidogo kidogo. Canter nyingi handibreki yake inashika propela (mhimili unaopeleka nguvu magurudumu ya nyuma), ukiivuta ghafla inaweza kukatika. Taa za hatari na honi mfululizo. Ikishindikana, aegemeze gari upande wa mlima, kamwe si wa bonde, na afanye hivyo mapema, kasi ikiwa bado ndogo.