Kompyuta ni yangu, lakini inaniambia sina ruhusa: msimamizi anayetajwa ni nani?

Mkaazi wa Tudor

Assalaam alaikum, na salamu kwenu nyote. Ninaomba msaada wa wenye ujuzi wa kompyuta. Kompyuta ya mezani tuliyokuwa tukiitumia nyumbani iliungua ubao mama umeme ulipokatika na kurudi kwa nguvu, lakini diski yake ilisalimika. Nilinunua laptopu ya mtumba karibu na Mwembe Tayari, yenye Windows 11 Pro, na ile diski ya zamani nikaitia ndani ya kasha la USB ili nihamishe picha za familia na hesabu za duka letu la Kongowea. Akaunti ninayotumia ni ile aliyoiacha muuzaji, ambayo nimeibadilisha jina na kuitilia neno la siri langu.

Tangu hapo ninakutana na makatazo ya namna tatu. Nikifungua folda yenye jina langu katika diski ya zamani, ninaambiwa kwamba kwa sasa sina ruhusa ya kuifungua, ingawa jina la akaunti na neno la siri ni yale yale niliyoyatumia katika kompyuta iliyoungua. Nikijaribu kufungua Control Panel, ninaambiwa kwamba shughuli hiyo imesitishwa kwa sababu ya vizuizi vilivyowekwa katika kompyuta hii, na kwamba niwasiliane na msimamizi wa mfumo. Ni msimamizi gani huyo, ilhali kompyuta ninaitumia peke yangu, na akaunti yangu yenyewe imeandikwa kuwa ni ya msimamizi? Tena, programu ya hesabu inakataa kuhifadhi faili ndani ya Documents, lakini nikiielekeza kwenye flashi inahifadhi bila shida.

Kijana mmoja wa jirani amenishauri nizime ulinzi wote, kisha niipe kila akaunti ruhusa kamili juu ya diski zote mbili. Nimesita kufanya hivyo kabla ya kuuliza.

Fundi wa Majengo

Wa alaikum salaam, dada. Umefanya vyema kusita. Makatazo hayo yanafanana kwa sura tu. Kila moja lina bawabu wake, na ukimlegeza bawabu asiye na kosa utabaki nje vile vile, huku nyumba ikiwa wazi kwa wengine.

Nianze na diski, kwa kuwa humo ndimo zilimo mali zako. Windows haikutambui kwa jina wala kwa neno la siri. Kila akaunti inapoundwa hupewa namba ndefu ya utambulisho inayoanza na S-1-5-21, na diski iliyopangwa kwa mfumo wa NTFS huandika namba hiyo, si jina, kuwa ndiyo mwenye faili. Akaunti ya laptopu yako ina namba nyingine kabisa, hata ukiipa jina lile lile herufi kwa herufi. Bonyeza folda hiyo kwa kitufe cha kulia, ingia Properties, kisha Security, na huenda utakuta mstari wenye namba hiyo ndefu pasipo jina lolote: huyo ni wewe wa zamani, ambaye laptopu hii haimjui. Kama unataka kuiona namba yako ya sasa, fungua dirisha la amri (Command Prompt) na uandike whoami /user.

Watu wengi hukimbilia takeown na icacls ili kubadilisha umiliki wa diski nzima. Amri hizo zinafanya kazi, lakini kwako sioni haja. Wewe hutaki kuimiliki diski, unataka vilivyomo, na faili ikinakiliwa kwenda folda nyingine huchukua ruhusa za folda inayohamia. Kwa hiyo fungua dirisha la amri kwa haki za msimamizi, kisha uandike amri hii, ukiweka jina lako mahali pake na herufi ya diski kama inavyoonekana kwako:

robocopy "D:\Users\jina\Pictures" "C:\Hifadhi\Pictures" /E /B /XJ /R:1 /W:1

Alama ya /B ndiyo yenye siri yote. Inasoma faili kwa haki ya kuweka nakala rudufu, ambayo msimamizi anayo, bila kuuliza mwenye faili ni nani na bila kugusa chochote katika diski ya zamani. Usiziache zile mbili za mwisho, kwa sababu robocopy isipoelekezwa hurudia faili iliyoshindikana hadi mara 1,000,000, ikingoja sekunde 30 kila mara, na faili moja mbovu itakukesha mpaka alfajiri. Ukimaliza picha, rudia kwa Documents na Desktop. Ukiona folda iitwayo Documents and Settings inakataa kufunguka, iache ilivyo. Hiyo si folda ya kweli bali ni njia ya mkato iliyowekwa kwa ajili ya programu za enzi ya Windows XP, na katazo lake limewekwa kwa makusudi.

Mwalimu wa Kisauni

Nakubaliana na fundi kuhusu diski. Niongeze kuhusu Control Panel, kwa sababu katazo hilo halihusiani kabisa na ruhusa za faili. Maneno "vizuizi vilivyowekwa katika kompyuta hii" hutokea pale ambapo kuna sera iliyoandikwa ndani ya rejistri, yaani ghala ambamo Windows huweka mipangilio yake, na sera hiyo humfunga hata mwenye akaunti ya msimamizi. Msimamizi anayetajwa ni yule aliyeiandika, awe wapi awe. Kwa laptopu ya mtumba ninawashuku watu wa aina tatu: kampuni iliyokuwa ikiimiliki, mwenye saiba aliyetaka wateja wasichezee mipangilio, au virusi vilivyokwisha kufutwa vikaacha nyuma kufuli vilizozitia, kwani ni kawaida yake kuzima Task Manager ili mtu asivione vikifanya kazi.

Kwanza hakikisha kwamba kompyuta haina tajiri mwingine. Andika dsregcmd /status katika dirisha la amri, usome mistari ya AzureAdJoined na DomainJoined, inayoonyesha kama kompyuta imeunganishwa na mtandao wa kampuni au shirika. Vilevile fungua Settings, uingie Accounts, na utazame sehemu ya Access work or school. Ukikuta YES, au anwani ya kampuni usiyoijua, usihangaike na marekebisho. Irudishe kwa aliyekuuzia na umtake aeleze ilikotoka, kwa maana kampuni iliyoisajili mashine yake kwa Autopilot, huduma ya Microsoft ya kusimamia kompyuta za makampuni, itaendelea kuidai kila Windows inapowekwa upya na kuunganishwa na intaneti.

Ukikuta NO kote, unda akaunti mpya ya msimamizi, toka katika hii ya muuzaji, uingie katika hiyo mpya, na ujaribu Control Panel. Ikifunguka, basi kizuizi kimeandikwa katika sehemu ya rejistri inayohusu akaunti moja tu, ndani ya HKEY_CURRENT_USER\Software\Microsoft\Windows\CurrentVersion\Policies. Chini yake kuna Explorer na System, na humo utakuta majina kama NoControlPanel, NoRun au DisableTaskMgr yenye thamani 1. Unaweza kuyafuta moja moja, lakini kwa maoni yangu ni bora kuhamia akaunti mpya na kuiaga ya muuzaji moja kwa moja. Kwa nini uishi katika chumba ambacho hujui mpangaji wa kwanza alificha nini?

Kuhusu programu ya hesabu, nadhani ni ulinzi wa Windows wenyewe. Tangu mwaka 2017 kumekuwa na kipengele kinachoitwa Controlled folder access, kinachozuia programu zisizojulikana kuandika ndani ya Documents, Pictures na folda nyingine chache, ili virusi vya kudai fidia visizifunge faili zako. Flashi haimo katika orodha ya vinavyolindwa, ndiyo maana inakubali. Kwa kawaida kipengele hicho huwa kimezimwa, kwa hiyo kuna mtu aliyekiwasha. Fungua Windows Security, utafute Protection history. Ukiiona programu yako imetajwa hapo, iongeze katika orodha ya zinazoruhusiwa. Usikizime kipengele chenyewe, hasa ikiwa hesabu za duka zinakaa humo.

Baharia wa Likoni

Mbona safari ndefu namna hiyo? Futa kila kitu, weka Windows upya, na jioni hiyo hiyo atakuwa amemaliza.

Fundi wa Majengo

Ndugu, kuweka Windows upya kutaondoa vizuizi vya Control Panel, nami singempinga anayefanya hivyo kwa kila laptopu ya mtumba anayoinunua. Lakini hakutaifungua folda ya diski ya zamani hata kidogo, kwa sababu akaunti itakayoundwa itakuwa na namba mpya tena. Nakala kwanza, usafi baadaye.

Mkaazi wa Tudor

Ninawashukuru sana. Mistari yote miwili ya dsregcmd ilisoma NO, na katika Access work or school hapakuwa na kitu. Katika akaunti mpya Control Panel imefunguka mara moja. Programu ya hesabu nimeikuta katika Protection history kama mwalimu alivyosema, na baada ya kuiruhusu inahifadhi faili vizuri.

Robocopy imeleta picha zote pamoja na karibu hesabu zote. Zimebaki faili chache za Excel ambazo mume wangu alikuwa akizitunza katika folda yake. Hizo zina alama ndogo ya kufuli juu yake, na nimeambiwa "Access is denied" hata baada ya kujifanya mmiliki wake kwa takeown. Kuna fundi mjini anayesema kwamba ataiwasha ile diski katika kompyuta nyingine, aondoe neno la siri la zamani kwa flashi yake maalumu, kisha azifungue. Je, nimpe?

Fundi wa Majengo

Usimpe bado, dada. Alama hiyo ya kufuli ina maana kwamba faili zimesimbwa, yaani yaliyomo yamegeuzwa yasisomeke bila ufunguo, kwa EFS, njia ya Windows yenyewe ya kusimba faili, na hilo ni jambo jingine mbali na ruhusa. Mumeo aliweka tiki penye Encrypt contents to secure data, pengine bila kukumbuka, na tangu hapo yaliyomo yanasomeka kwa ufunguo wa akaunti yake peke yake. Umiliki hausaidii, kwa kuwa hata ukiruhusiwa kuigusa faili, Windows haitakufungulia yaliyomo bila ufunguo huo.

Ufunguo wenyewe umo katika diski hiyo hiyo, ndani ya wasifu wa mumeo, nao umelindwa kwa neno lake la siri. Hapo ndipo ilipo hatari ya ile flashi maalumu: neno la siri likifutwa au kubadilishwa kwa nguvu kutoka nje ya akaunti, Windows hushindwa kuufungua ufunguo huo, na faili zinaweza kupotea pamoja nao. Muulize mumeo kama analikumbuka neno lake. Akilikumbuka, fundi huyo anaweza kuiwasha diski katika kompyuta nyingine, mumeo mwenyewe aingie kwa neno lake la kawaida, kisha afungue certmgr.msc na kutoa cheti chake pamoja na ufunguo wa siri katika faili ya .pfx. Faili hiyo ukiiingiza katika laptopu yako, zile za Excel zitafunguka. Njia fupi zaidi, akishaingia, ni kuiondoa ile tiki ya Encrypt na kuzinakili zikiwa wazi.

Kabla ya hayo yote, mwambie fundi afanye nakala kamili ya diski, sekta kwa sekta, kwenye diski nyingine, na kazi yote aifanye juu ya nakala hiyo. Akikataa, tafuta mwingine.

Mkaazi wa Tudor

Mume wangu anasema analikumbuka. Kesho baada ya Adhuhuri tutakwenda pamoja, na neno la siri ataliandika kwa mkono wake.