Kitanzi cha kuonyesha rekodi za nyumba kinaleta kosa la 404 kuanzia ukurasa wa 5

Mjenzi_Tovuti aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, habari za wakati huu. Ninajenga tovuti kwa WordPress (programu ya kuendesha tovuti) inayoorodhesha nyumba za kupangisha. Nimesajili aina mpya ya chapisho iitwayo nyumba, na kila rekodi ina sehemu ya ziada iitwayo kodi, ambamo huandikwa kodi ya mwezi kwa shilingi. Rekodi zilizomo kwenye hifadhidata kwa sasa ni 40.

Ndani ya kiolezo archive-nyumba.php (faili linalopanga sura ya orodha) nimeandika kitanzi changu mwenyewe, yaani msimbo unaorudiwa kwa kila rekodi, kwa WP_Query, chombo cha WordPress cha kuomba rekodi kwenye hifadhidata, nikiomba rekodi 6 kwa kila ukurasa. Viungo vilivyo chini ya orodha vinaonyesha kurasa 7, kama inavyotakiwa, na kurasa 4 za mwanzo zinafunguka vizuri. Nikibonyeza ukurasa wa 5, wa 6 au wa 7 ninaambiwa kwamba ukurasa haupatikani. Nimehifadhi upya mipangilio ya viungo vya kudumu, lakini hali haikubadilika.

Tatizo la pili ni mpangilio: nimeagiza nyumba zianzie zile za kodi ndogo, lakini ya 1200000 inatangulia ya 95000. Ninaomba mwenye uelewa anieleze chanzo cha haya, na si msimbo wa kunakili peke yake.

Fundi_Seva alijibu:

Ndugu, tatizo la kurasa halimo ndani ya kitanzi chako, ndiyo maana umekikagua bila kuona kasoro.

Mgeni anapofungua anwani ya orodha yako, WordPress hutuma ulizo kuu, yaani ombi lake lenyewe la rekodi za ukurasa huo, kwenye hifadhidata kabla hata ya kuamua kiolezo gani kitumike. Ulizo hilo halijui lolote kuhusu namba 6 uliyoiandika ndani ya kiolezo. Linafuata idadi iliyowekwa kwenye mipangilio ya kusoma, ambayo kwa kawaida ni 10. Rekodi 40 zikigawanywa kwa 10 zinatoa kurasa 4. Kwa hiyo mgeni anapoomba ukurasa wa 5, ulizo kuu linarudi mikono mitupu, WordPress inatangaza kosa la 404 na kuchukua kiolezo cha makosa, na archive-nyumba.php haifikiwi kabisa. Kurasa 4 za mwanzo zinafunguka kwa sababu kwa kurasa hizo ulizo kuu lilipata kitu, ingawa matokeo yake unayatupa na kuuliza upya kwa ulizo lako, jambo linaloibebesha hifadhidata kazi mara mbili.

Tiba yake ni kufuta WP_Query kwenye kiolezo hicho, kurudisha kitanzi cha kawaida cha have_posts na the_post, kisha kulirekebisha ulizo kuu lenyewe kabla halijatumwa, kupitia pre_get_posts. Weka hii kwenye functions.php:

```php
add_action( 'pre_get_posts', function ( $q ) {
    if ( is_admin() || ! $q->is_main_query() ) {
        return;
    }
    if ( $q->is_post_type_archive( 'nyumba' ) ) {
        $q->set( 'posts_per_page', 6 );
        $q->set( 'meta_key', 'kodi' );
        $q->set( 'orderby', 'meta_value_num' );
        $q->set( 'order', 'ASC' );
    }
} );
```

Sharti la mwanzo usiliondoe kamwe. Bila hilo, agizo lako linaweza kugusa orodha za upande wa usimamizi pamoja na maulizo mengine yasiyo kuu.

Kuhusu mpangilio, sehemu za ziada huhifadhiwa kama maandishi. Ukitumia meta_value kwenye orderby, hifadhidata inalinganisha herufi kwa herufi, na 1 hutangulia 9, hata kama nyuma yake zipo sifuri tano. Neno meta_value_num ndilo linaloiamuru izichukue thamani hizo kama namba.

Asha_Wavuti alijibu:

Kwa rekodi 40, je, si rahisi zaidi kuweka posts_per_page kuwa -1 ili nyumba zote zionekane kwenye ukurasa mmoja, au kuandika SQL (lugha ya hifadhidata) ya moja kwa moja kwa $wpdb, kiunganishi cha WordPress na hifadhidata?

Fundi_Seva alijibu:

Dada Asha, -1 ingefanya kazi leo, lakini orodha ya nyumba hukua, na kila rekodi mpya ingeongeza picha na uzito kwa msomaji anayetumia bando la simu. Ninaona ni bora kurasa zibaki.

SQL ya moja kwa moja ina mahali pake, mradi kila thamani itokayo kwa mgeni ipitishwe kwenye $wpdb->prepare. Hapa, hata hivyo, utapoteza jambo muhimu: WP_Query huchukua sehemu za ziada za rekodi zote za ukurasa kwa mkupuo mmoja, hivyo get_post_meta ndani ya kitanzi haiendi tena kwenye hifadhidata. Ukitumia $wpdb bila maandalizi hayo, kila mzunguko unaweza kutuma ulizo lake.

Mjenzi_Tovuti alijibu:

Nimefuata maelekezo na kurasa zote 7 zilifunguka, mpangilio nao ukakaa sawa. Ila jana niliongeza nyumba mbili ambazo kodi yake haijajazwa, na hazionekani popote kwenye orodha. Pia ninataka chini ya ukurasa wa kila nyumba zionekane nyingine 3; je, hapo nitumie pre_get_posts vilevile?

Fundi_Seva alijibu:

Ukishataja meta_key, rekodi isiyo na sehemu hiyo huachwa nje ya matokeo. Ipo njia ya kuzijumuisha kwa meta_query yenye EXISTS na NOT EXISTS zilizounganishwa kwa OR (yaani sehemu hiyo iwepo au isiwepo), lakini kwa tovuti ya kupangisha ningeifanya kodi iwe sehemu ya lazima kwenye fomu, kwa kuwa mpangaji hanufaiki na nyumba isiyo na bei.

Zile 3 za chini ni orodha ya pembeni, na hapo ndipo WP_Query inapostahili. Weka posts_per_page kuwa 3, iondoe kwenye orodha nyumba inayosomwa kwa post__not_in, na uweke no_found_rows kuwa true, kwa sababu huhitaji hesabu ya kurasa. Baada ya kitanzi kuisha ita wp_reset_postdata, la sivyo chochote kinachofuata, kama vile fomu ya maoni, kitadhani nyumba ya tatu ndiyo inayosomwa. Usitumie query_posts, kwani inalibadilisha ulizo kuu lenyewe katikati ya ukurasa. Na unapochapisha kodi, ipitishe kwenye esc_html, ili kilichoandikwa kisichukuliwe kama msimbo wa HTML, hata kama wewe ndiye uliyeijaza.