Vayoleti ya kwenye mikaratusi na ua letu la Amboni ni ndugu?

BintiNgamiani

Habari zenu wapenda maua. Mdogo wangu yuko Australia kimasomo, jana kanitumia picha ya kiua cha zambarau kimeota chenyewe ndani ya msitu wa mikaratusi, chini pakavu kabisa, magome na majani makavu yametapakaa halafu hicho kiua kimesimama katikati. Anasema kule wanakiita vayoleti na ni cha asili ya huko huko hakikupandwa na mtu. Mie nikamjibu hilo ua ni la kwetu Tanga, lile linaloota kwenye mawe ya Amboni, bibi alikuwa nalo barazani kwenye kopo na dunia nzima wanalijua kama vayoleti ya Afrika. Kakataa katakata. La kwake majani ni membamba marefu kama ncha ya mkuki, yote yatoka chini usawa wa ardhi, na kila ua liko peke yake juu ya kikonyo kirefu.

Naomba wanaojua mnisaidie, haya maua ni ndugu ama ni rangi tu? Na la pili, la bibi lilikufa tulipohama nyumba, naweza kwenda kule Amboni nikang'oa shina moja nikapande?

FundiKitalu

Dada hapo mdogo wako yuko sahihi, si ndugu hata wa mbali. La kwake kwa hayo majani ya mkuki naona ni Viola betonicifolia, hiyo ndiyo vayoleti ya kweli. Mwambie aligeuze ua aangalie mgongoni, vayoleti ya kweli ina kifuko kidogo kimechomoza nyuma kama mkia, ndani ndo nekta inakaa, yale maji matamu ya ua. La kwetu hilo halina. La kwetu majani ni mviringo, manene, yana manyoya ukiyagusa, na katikati ya ua kuna vifuko viwili vya njano vya chavua vinaonekana toka mbali. Nekta halina kabisa, nyuki anafuata ile chavua tu, tena inabidi alitingishe ua kwa mtetemo wa misuli ya kifua chake ndo imwagike.

Jina limekuja kwa kufananisha. Mjerumani aliyekuwa mkuu wa wilaya huku kwetu, Walter von Saint Paul-Illaire, aliliona mwaka 1892 akalituma kwao kwa baba yake, mwaka uliofuata 1893 mtaalamu Hermann Wendland wa bustani ya Herrenhausen kule Hannover akaliandika rasmi Saintpaulia ionantha, hilo neno la pili maana yake lenye maua kama vayoleti. Kama vayoleti, siyo vayoleti. Wajerumani mpaka leo wanaliita vayoleti ya Usambara, na mimi jina hilo nalipenda zaidi kuliko "ya Afrika" kwa sababu linataja nyumbani kwake. Mwaka 2015 wataalamu wakaliingiza kwenye kundi la Streptocarpus, kwa hiyo ukikuta kitabu kipya kina jina hilo usishangae ni lile lile.

MdauMuheza

Mimi nijibu hilo la kung'oa maana linaniuma. Dada yangu usiling'oe tafadhali. Miaka ya nyuma nilibandua mashina matatu kwenye jiwe pembeni ya kijito huku milimani, nikayatia udongo wa shambani nikayaweka uani, hayakumaliza hata mwezi yote matatu yameoza. Niliporudi pale kwenye jiwe nikakuta alama nyeupe tu, ule ukoko wa kuvu na udongo kidogo uliokuwa umeyashika nilikuwa nimeubandua nao, hakuna kilichoota tena. Mpaka leo nikipita naliangalia lile jiwe.

Watu hawajui kwamba ua hili linakaa mahali padogo sana. Pale Amboni linashika mawe ya chokaa kwenye makorongo, huku Usambara linashika majabali yaliyo na kivuli na unyevu karibu na maji. Miti ya juu ikikatwa jua likapiga jiwe basi limekwisha, halina pa kukimbilia. Kule kwa mdogo wako mikaratusi ndo kwao na vayoleti yao imezoea mwanga wa pale, huku kwetu mikaratusi imeletwa, na mimi katika kutembea kwangu kote sijawahi kuliona ua hili chini ya shamba la mikaratusi hata mara moja. Na kwenye hifadhi kama Amani kuchimba mmea bila kibali ni kosa.

FundiKitalu

Naongezea kwa Mdau, hata hiyo ya Australia siyo kwamba haina shida. Kuna kipepeo wa kule viwavi wake wanategemea majani ya hiyo Viola betonicifolia, maeneo yake yamelimwa na kujengwa sasa kipepeo mwenyewe yuko hatarini kutoweka. Kwa hiyo mdogo wako nae apige picha aache.

Wewe dada tafuta jani MOJA kwa mtu mwenye nalo nyumbani, yapo mengi ya kitaluni. Kata jani zima pamoja na kikonyo chake kama sentimita tatu, kichomeke kwenye mchanga uliochanganywa na mboji, udongo uwe na unyevu usiwe tope. Mwezi mmoja mpaka miwili utaona vitoto vinachomoza chini ya jani. Maji usimwagie juu ya majani hasa ya baridi, yanaacha madoa, weka kopo kwenye sahani linywe kwa chini.

BintiNgamiani

Asanteni sana jamani. Mdogo wangu kaligeuza, kweli kimkia kipo nyuma, nimemwomba radhi. Amboni nitaenda mvua zikinyesha kupiga picha tu, mkono sitii. Na Mdau pole kwa lile jiwe lako.

Leo asubuhi jirani kanipa jani, nimelichomeka kwenye kopo kama la bibi. Nyumba ina dirisha la upande wa baharini na jingine la magharibi, niliweke wapi?

FundiKitalu

La baharini. Jua la saa moja mpaka saa tatu asubuhi halina ubaya, likizidi hapo shusha pazia jepesi. La magharibi litaliunguza.

MdauMuheza

Vitoto vikitoka niwekee kimoja, nitakuja kukichukua mwenyewe.